Zimwi, mchawi na ushauri wa wajuaji

Sijui nani aliwaambia watu kwamba katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha kete, ukitikisika tu mbele ya adui unakula kipigo. Mimi niliambiwa na mchezaji mkongwe, tena kwa uhakika wa mtu aliyetunga kanuni mwenyewe. Basi kila zamu mchawi wangu anatumia kitendo chake chote kujinasua, yaani kujihami ili asipigwe akiondoka, ndipo asogee viraba viwili vya ubao. Hapigi, harogi, kazi yake kurudi nyuma. Wenzangu wakambatiza Mzigo.

Kumbe mzee alikuwa akitufundisha toleo la kanuni la 2003! Huko, kutoka kwenye kiraba chochote ambacho adui anakifikia kwa kawaida kulialika pigo. Toleo la tano, la 2014, linauliza jambo moja: umetoka nje ya umbali ambao silaha yake inafika? Hujatoka, hupigwi. Kwa adui wengi ni futi 5, yaani kiraba kimoja, kwa hiyo mzunguke mpaka apate kizunguzungu. Ila uliza kwanza kashika nini. Wenye silaha za mpini mrefu hufika futi 10.

Sasa utamu wenyewe. Zimwi limesimama katikati ya ujia wenye upana wa viraba 4. Lenyewe linakalia 2 kwa 2, kila ubavu umebaki kiraba kimoja, na sisi lazima tupite. Rungu lake kwa wastani linang'oa pointi 13 za uhai. Mchawi wangu alikuwa nazo 11.

Nikamwambia askari wetu, mwenye deraya nzima na ngao, kinga 20 (pigo lisilofika 20 halimpati), atangulie.

“Bila kujinasua?” mkongwe akaruka.

“Bila. Na apite kwa madaha.”

Akapenya ubavuni. Alipotaka kutoka upande wa pili, msimamizi wa mchezo akachekelea, akarusha kete: 9. Jumlisha 6 za zimwi, ni 15. Rungu likaishia kwenye ngao. Hapo zimwi limeshakula mwitiko wake, yaani nafasi yake moja ya kupiga nje ya zamu, na haurudi mpaka zamu yake ianze. Mchawi akapita, mpiga mishale akapita.

“Lazima lipige, si limewaona?” mkongwe akabisha.

“Kwa mwitiko upi, bwana?”

Tazama mpangilio wa zamu kabla hujajaribu. Zamu ya zimwi ikiangukia kati ya askari na mchawi, umekwisha.

Halafu pigo hilo ni hiari. Msimamizi wetu alipoishtukia hila, akawa anamwacha askari apite na kumvizia mchawi. Haya, nikavumilia hadi ngazi ya 3, nikachukua uchawi wa kutoweka hapa na kuibuka futi 30 mbele. Huo hauna pigo, kama ambavyo kusukumwa hakuna pigo, maana hukutumia mwendo wako.

Mkongwe mpaka leo anajinasua kila zamu. Simsumbui.