Mashamba yasiyo na ua

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba naishi Nottinghamshire, Uingereza, wanajibu "aa, Nottingham Forest", na mazungumzo yanaishia kwenye mpira. Kumbe mjini naenda kwa nadra. Kazi yangu ni kea. Nazunguka na gari dogo vijijini kati ya Newark na Ollerton, naogesha wazee, nawapa dawa, nawachemshia chai, naondoka mbio kuwahi nyumba inayofuata. Wenzangu wa London wananicheka eti nimeenda kubebea boksi porini.

Mmoja wa wazee wangu anaishi kijiji cha Laxton. Alikuwa mkulima mpaka magoti yalipomkatalia. Siku ya kwanza alinipokea kwa kuniita "duck", yaani bata, nikanuna. Nilimaliza wiki nzima nikimjibu kwa mkato, mpaka dada mmoja kazini akanieleza kuwa pande hizi za Nottinghamshire na Derbyshire kila mtu ni bata: muuza duka anakuita bata, dereva wa basi naye hivyo hivyo. Ni kama mtu wa nyumbani anavyokuita "mwanangu" bila kukuzaa. Mzee naye alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wenyeji wanavyofanya. Nilijaribu, ulimi ukakataa. Mtu wa miaka themanini na kitu! Nikamfundisha neno "Mzee", akalipenda, sasa anajitambulisha nalo kwa muuguzi anayekuja kumfunga kidonda.

Nchi hii nilikuwa nimezoea kuiona imefungwa. Ukipita barabarani ni ua wa miiba kulia, ua wa miiba kushoto, kila kipande cha ardhi kimejitenga kama chumba cha kupanga. Laxton ukitoka tu mwisho wa kijiji unapanda kidogo, na ua haupo. Ni uwanda mmoja, udongo mwekundu mzito unaong'ang'ania viatu, na ndani ya uwanda huo vipande virefu vya wakulima tofauti vimelala ubavu kwa ubavu. Kinachotenganisha cha huyu na cha yule ni mfereji wa jembe tu. Nyumba za wakulima nazo haziko mashambani, zimejipanga kijijini kando ya barabara. Mtu ana kipande hapa, kingine kule ng'ambo, kingine upande wa tatu.

Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Mimi ni Mchaga. Kwetu Kilimanjaro nyumba iko kwenye kihamba huku juu, penye migomba na kahawa, na shamba la mahindi liko chini kabisa tambarare, na huenda kuna kingine cha kurithi mahali pengine. Watu wanashangaa kwa nini hatuweki ardhi yetu mahali pamoja. Jibu la kwetu na la Laxton ni lile lile: mtu asipate udongo mzuri wote peke yake na mwenzake akaambulia mawe.

Mzee ndiye aliyenipa historia, kidogo kidogo, mguu mmoja ndani ya soksi na mwingine nje. Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa hivi. Kijiji kilikuwa na mashamba makubwa mawili au matatu ya wazi, na kila familia na vipande vyake humo. Laxton yapo matatu: West Field, Mill Field na South Field. Yanazungushwa: mwaka huu hili linapandwa ngano kabla ya baridi, lile linapandwa mazao ya masika, na la tatu linapumzishwa. Mwaka unaofuata yanabadilishana. Ramani ya kijiji iliyochorwa mwaka 1635 na mpima ardhi Mark Pierce bado ipo, inaonyesha kila kipande na nani alikilima, na nakala yake iko kwenye chumba cha wageni nyuma ya baa. Ukiitazama, unatambua barabara zile zile unazoegesha gari leo.

Karibu kwingine kote mfumo huo ulifutwa. Wenye ardhi walikwenda bungeni, zikapitishwa sheria za kuzungusha ua, kijiji kwa kijiji: zaidi ya 5,200 kati ya mwaka 1604 na 1914, zikagusa takriban moja ya tano ya ardhi ya England. Mnyonge aliyekuwa na haki ya kuchunga mbuzi wake na kuokota kuni kwenye ardhi ya wote akaamka hana pa kuchunga. Wengi waliishia viwandani. Ule ua wa miiba unaopendeza kwenye picha za kalenda niliuona mzuri sana mpaka nilipojua hilo. Na Mwingereza aliyekuja kupima ardhi Afrika Mashariki alitoka katika nchi ambayo tayari ilikuwa imeshafanyiana hivyo yenyewe kwa yenyewe.

Laxton iliponea. Si kwamba haikuguswa: mwanzoni mwa karne ya 20 vipande viliunganishwa viwe vikubwa na vichache zaidi, la sivyo leo trekta lingekuwa linageuka kutwa nzima. Na wakulima wa pale ni wapangaji. Ardhi iliuzwa na mwinyi wa pale, Earl Manvers, kwa Wizara ya Kilimo mwaka 1952, ikaenda kwa Crown Estate, shirika la mali za Ufalme, mwaka 1981, na mwaka 2020 ikarudi kwa Thoresby Estate, milki ile ile ya ukoo wa Manvers. Mzee analisema hili la mwisho bila furaha wala huzuni. "Mabwana wanabadilika, udongo haubadiliki," ndivyo alivyoniambia, halafu akaomba biskuti.

Lakini kilichonikaa kooni ni baraza lao.

Wanaliita Court Leet, mahakama ya kimwinyi ya tangu zama za kati. Bunge lilipofuta mamlaka ya mahakama za namna hiyo mwaka 1977 (mwaka ule ule CCM ilipozaliwa), ya Laxton iliachwa hai. Mwishoni mwa Novemba wazee wa baraza, ambao ni wakulima wenyewe, wanapanda tela linalovutwa na trekta, wanakwenda kwenye shamba lililopandwa ngano. Wanakagua kipande kwa kipande. Nani amelima akaingia barabarani? Nani amemega ile nyasi isiyolimwa, wanayoiita sykes? Nani ameacha mtaro ukaziba? Wanapigilia vigingi kuonyesha mpaka ulipo. Kisha wanarudi kula kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn. Wiki moja baadaye baraza linakaa hapo hapo, chini ya mwanasheria anayeitwa msimamizi, na waliokosea wanatozwa faini. Na wanaapishwa wazee wa baraza wa mwaka unaofuata.

Faini zenyewe ni ndogo, hazimfilisi mtu. Nilimuuliza Mzee, sasa zinazuia nini? Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Jina lako linasomwa mbele ya majirani, na majirani wana glasi mkononi.

Mimi niliona na jambo jingine. Anayekukagua leo ana kipande kwenye uwanda huo huo, na wewe mwakani utakuwa juu ya tela ukikagua cha kwake.

Baba yangu alipofariki, baba mdogo alisogeza mpaka wa kihamba chetu. Kwetu mpaka ni isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mstari mmoja, na kung'oa isale la mtu si jambo dogo. Isale ndilo hilo hilo mtu anatumwa nalo, jani limefungwa fundo, kuomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kukataa kirahisi. Baba mdogo aling'oa usiku, akapanda upya hatua nne ndani kwetu. Kesi ikaanza kijijini, ikapanda kata, ikapanda wilaya. Kila nikituma pesa za ada ya mdogo wangu, kuna na fungu la nauli ya kesi. Mpaka leo, kati ya wote walioketi kutusikiliza huko juu, hakuna aliyefika kukanyaga kihamba chenyewe. Wamesoma karatasi. Wazee wa mtaa wanaojua isale la babu lilisimama wapi wanapungua kila mwaka, na baba mdogo anajua hilo kuliko mimi.

Mwaka jana siku ya ukaguzi nilikuwa na mapumziko. Nilimvika Mzee makoti mawili, nikampeleka na gari hadi mwisho wa njia ya Mill Field. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tela lilikuwa mbali, watu wamevaa kofia, mmoja akiinua nyundo na kushusha. Sauti ya kigingi ilitufikia baada ya nyundo kushuka. Mzee alifungua kioo, akasema yule anashika nyundo vibaya.

Wiki iliyofuata, asubuhi baada ya baraza, nilimkuta ameshaamka na anacheka hadi anakohoa. Jirani alikuwa amempigia simu mapema: aliyetozwa faini ni mpwa wake mwenyewe, kwa kulima akapitiliza. Alifurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. Nikiwa nampa vidonge, nikamsimulia habari za isale, na fundo, na baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa. Akauliza kama mmea huo unaweza kuota Laxton. Nikamwambia baridi ingeuua siku ya kwanza.

Kumbe upo. Nilikwenda dukani Newark kununua sabuni, nikaliona kwenye rafu ya maua ya ndani, limepandwa kwenye chungu cha plastiki, lina kibandiko cha bei na jina la Dracaena. Isale letu, linauzwa pamoja na kadi za siku ya kuzaliwa. Nikalinunua. Sasa liko dirishani jikoni kwa Mzee, linatazama uwanda. Nimemkanya asilimwagilie kila siku, lakini nikifika asubuhi sahani ya chini imejaa maji.