Vidole vya miguu vya mwanangu na baridi ya Umeå

Tulihamia Umeå, kaskazini mwa Sweden, mwezi wa Agosti. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu na mdogo wake bado yuko tumboni. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Baridi niliyoijua ni ya Lushoto, ile ambayo mtu akipanda huko na sweta moja, akirudi anahadithia wiki nzima. Nilipoambiwa kwamba chekechea za huku huwatoa watoto nje kila siku, hata nyuzi zikiwa kumi chini ya sifuri, niliomba nirudiwe maneno.

Novemba ilipoingia nikamvalisha kwa kadiri ya akili yangu: fulana mbili za pamba, sweta, koti nene, jinzi, na soksi pea mbili ndani ya buti. Alijaa nguo mpaka mikono haishuki. Saa kumi jioni nilipokwenda kumchukua giza lilikuwa limetanda kitambo, naye amekaa kwenye benchi, hataki kusimama. Nyumbani nikamvua buti. Soksi ya ndani ilikuwa na majimaji, na vidole vimepauka, vya baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Nikafungua blauzi nikaiweka ile miguu tumboni kwangu. Damu ilipoanza kurudi ndipo alipolia sana, maana kule kurudi kwa damu kunauma. Usiku ule sikulala.

Kesho yake nikamwita jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyetutangulia huku miaka sita. Alizishika nguo za mtoto moja moja, akazikunja, akanitazama. "Dada, hizi manguo ni mingi, lakini haziko za baridi."

Akanieleza. Pamba inakunywa jasho na kulishikilia. Mtoto anakimbia, anatoka jasho, halafu anasimama kungoja zamu ya bembea, na ile fulana iliyolowa inamnyang'anya joto la mwili. Sufu hata ikipata unyevu inaendelea kutunza joto. Kisha akachomoa soli ya ndani ya buti, akaiweka sakafuni na kumsimamisha mtoto juu yake. Vidole vilifika ukingoni kabisa. Kumbe inatakiwa ibaki nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu mbele ya kidole kirefu, kwa sababu hewa inayokaa humo ndiyo inayotunza joto la mguu. Mimi nilikuwa nimeifukuza yote kwa soksi ya pili.

Nikaanza upya. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu nyembamba, juu mpaka chini. Juu yake sweta ya sufu au flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya mafupi. Mwisho ovaroli isiyopitisha upepo wala maji. Baridi ikiwa ya nyuzi mbili tatu chini ya sifuri, ile nguo ya katikati naiacha kabisa, ikikaza naongeza. Tangu nilipoelewa hivyo, mtoto huvaa nguo chache kuliko zamani na anacheza.

Sufu ni ghali, sitaficha. Ila mitumba iko huku pia, tena mizuri, na sisi tuliokulia kwenye kupekua marobota tunajua kushika kitambaa. Kilichonikwamisha ni lebo. Kwa Kiswidi sufu ni "ull" na pamba ni "bomull". Nilinunua fulana tatu kwa furaha kwa sababu nimeona "ull" mwishoni mwa neno. Kama uko huku na lugha bado changa, isome lebo nzima, herufi kwa herufi.

Glavu za vidole nimeziweka kando. Mtoto mdogo anahitaji zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, vinapashana joto, na kumvalisha ni rahisi. Skafu nayo hapana, inaweza kunasa kwenye ngazi za bembea ikamkaba. Anavaa kitambaa cha mviringo kinachopitishwa kichwani na kukaa shingoni. Mashavuni nampaka mafuta ya mgando kidogo. Na kitu kinachong'aa kwenye taa za magari lazima kining'inie kwenye nguo yake, maana Desemba, siku zinapokuwa fupi kabisa, mwanga wa mchana hapa hudumu kama masaa manne na nusu tu.

Lakini kazi yenyewe ni utaratibu wa kuvalisha. Kwanza chooni, hata akisema hana haja. Pili navaa mimi, kwa sababu nikianza naye atasimama mlangoni akitoka jasho huku nikitafuta viatu vyangu. Kisha natandaza ovaroli sakafuni imefunguliwa zipu, anakaa juu yake kama anakaa mkekani, miguu inaingia, buti zinafuata, na ule mpira wa chini ya suruali unapita chini ya buti ili theluji isipande ndani. Kofia na kile cha shingoni, glavu, ndipo zipu inapanda mpaka kidevuni. Mwanzoni ilinichukua dakika ishirini na machozi ya pande zote mbili. Sasa ni dakika tano.

Mwalimu wake wa chekechea alinifundisha kupima. Usiguse pua wala mikono, hizo hupoa hata mtoto akiwa sawa. Ingiza vidole viwili kisogoni, chini ya kola. Pakiwa pa vuguvugu na pakavu, muache acheze. Pakiwa na unyevunyevu, mpunguzie. Pakiwa baridi, mwingize ndani.

Binti yetu alizaliwa Februari. Akilala kwenye kigari huvaa nguo moja zaidi ya nilizovaa mimi, kwa kuwa yeye hatembei. Nikimbeba kifuani kwa mbeleko, koti langu kubwa likitufunika sote, nampunguzia, kwa sababu mwili wangu tayari ni nguo. Kwenye gari namvua ovaroli nene, namfunga mkanda wa kiti, halafu namfunika blanketi juu. Nguo nene chini ya mkanda hubonyea gari likigonga, na mkanda unabaki umelegea. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimewaona wenzangu wengi wakiwafunga watoto na makoti yao.

Mama yangu alipotuona kwenye simu alishtuka. "Mwanangu, huyo mtoto mmemfunga kama mzigo wa kwenda Pemba!" Nikamwonyesha kisogo, nikamwambia pana joto. Tangu hapo kila akipiga anauliza, "Kisogo?"

Waswidi wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Nauheshimu, lakini siufuati mpaka mwisho. Upepo ukivuma na kipimajoto kikisoma 25 chini ya sifuri, wanangu wanabaki ndani, na sioni haya kuwaambia hivyo chekechea.

Ajabu ni kwamba siku ngumu kuliko zote si hizo. Ni za Aprili, nyuzi zikiwa sifuri au moja, theluji ikigeuka uji na mvua ikinyesha juu yake. Kwenye baridi kavu ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri mtoto anarudi mkavu. Kwenye sifuri analowa ndani ya robo saa. Siku hizo anavaa suruali na koti la mpira juu ya sufu, na kwenye begi lake la chekechea naweka soksi pea mbili na glavu pea tatu, zote zimeandikwa jina kwa wino usiofutika, kwa sababu jioni kabati la kukaushia nguo huwa limejaa glavu za watoto kumi na tano na zote zinafanana.