Siku yangu na kikopo cha jiwe (na kikaango cha mama mwenye nyumba)

Saa 11 na nusu alfajiri, baridi ya Mbeya inauma na kitu cha kwanza naangalia sio simu, ni kikopo. Kipo juu ya kabati nimekizungushia selotepu mara nne. Ndani kuna ganda jeupe la ukubwa wa kucha ambalo nasaka ndani yake madini yasiyojulikana bado, jamaa yangu alilibandua pembeni ya tundu la moshi kule kwenye volkano ya Oldoinyo Lengai, na chini yake nimeweka shanga za silika za kunyonya unyevu. Shanga zikiwa bluu nakuwa na amani. Leo zimekuwa pinki zote.

Mwezi wa tatu huku bana, mlima Loleza huuoni kwa ukungu, shati unalianika Jumatatu unalivaa Alhamisi na bado bichi, sasa chumvi ya volkano itaponea wapi? Maana haya madini ya fumaroli (ndo hayo matundu ya moshi) sio kama mawe uliyozoea. Gesi ya moto inatoka kwenye ufa, inapoa ghafla, inaacha fuwele palepale ukutani bila hata kupitia hali ya kimiminika, na mengi yakiguswa na maji ndo basi tena. Hata lava ya mlima huohuo inatoka nyeusi, ikipata unyevu ndani ya masaa au siku chache inakuwa nyeupe, sababu madini ya nyerereiti yaliyomo (ndiyo, yana jina la Mwalimu) hayavumilii maji.

Dawa ni kuzikausha shanga kwenye oveni ya maabara. Umeme umekata tangu usiku.

Nikatoka uani, mama mwenye nyumba kashawasha mkaa. "Ugonile mama." "Ndaga mwanangu, mbona mapema?" Nikamwambia naomba jiko dakika 20 nikaange shanga. Akaniangalia. Akanipa na kikaango. Zikaanza kurudi bluu mojamoja kutoka pembeni, mama mwenyewe akainama kuangalia akasema hii sio dawa ya mtu kweli? Ndo nikakumbuka nilichotakiwa kusema mwanzo, kwamba ile rangi ni ya kobalti na ni sumu, kwa hiyo kikaango hakirudi tena kwenye chakula. Kimya. "Hicho ni cha chapati," akasema.

Saa 3 nipo chuoni, umeme umerudi, nakaa na hadubini mpaka shingo inagoma. Ukiliangalia kwa macho ganda ni kama chokaa tu. Ukikuza unaona manjano ya salfa, hiyo naiacha, vijumba vya mraba ni chumvi ya kawaida naacha, halafu kwenye kishimo kimoja kuna vijisindano havina rangi, vyembamba kuliko unywele, vimesimama kama nyasi. Hivyo ndo vinaninyima usingizi wiki ya tatu sasa. Nimeng'oa vinne kwa ncha ya sindano, cha tano nikapiga chafya. Sitaki kuongelea cha tano.

Fundi wetu mzee akapita, yeye ni wa kizazi cha kulamba jiwe kujua ni chumvi gani, mkono ukaanza kunyoosha. "Shikamoo mzee, hili usilambe!" Matundu ya moshi yanaleta mpaka arseniki. Kule Tolbachik, Urusi, kuna fumaroli imeitwa kabisa Arsenatnaya, na imetoa makumi ya madini mapya.

Mchana wali maharage na parachichi la Rungwe, na ubishi. Jamaa anasema mpya ni mpya, si uipe jina lako tu kama tanzanaiti. Nikamwambia kwanza tanzanaiti sio aina ya madini inayojitegemea, ni madini ya zoisaiti yenye rangi nzuri. Pili huwezi kujipa jina lako mwenyewe. Unapeleka kemia yake, mpangilio wa atomu zake, sampuli yenyewe unaikabidhi makumbusho, halafu kamati ya IMA, umoja wa kimataifa wa wataalamu wa madini, inapiga kura. Tayari yapo zaidi ya 6,000 na kazi yako ni kuonyesha hili halimo. Akasema basi liite chapati, habari zishamfikia.

Saa 9 imeingia email kutoka kwa mwenzetu nje mwenye mashine ya eksirei, nilimtumia sindano mbili mwezi uliopita. Mistari ya eksirei, ambayo ni kama alama ya vidole ya madini, karibu yote inalingana na madini yanayojulikana. Miwili hailingani. Hiyo miwili inaweza kuwa uchafu, inaweza kuwa vitu viwili vimeshikana, inaweza kuwa kile ninachokiwaza, anasema tuma zaidi. Zaidi! Ninazo nne na msimu wa mvua bado haujaisha.

Saa 11 nikashuka Mwanjelwa. Kikaango kizito cha chapati elfu 18, nikabembeleza nikapewa kwa 15. Cha zamani nimekiandika SUMU kwa makapeni, nimekipeleka maabara.

Usiku huu shanga bado bluu.