Siku Moja Maishani Mwangu: Kibao cha Mota

Saa moja na nusu asubuhi huwa nimeshateremka kutoka mtaa wa Mwanga na kufungua ghala letu mjini Kigoma. Kampuni yetu ilianzishwa na mfanyabiashara kutoka Rajkot, katika jimbo la Gujarat, India, mji wenye karakana nyingi za injini za dizeli na mashine; huku kwetu bidhaa inayotoka zaidi ni mashine ya kukamua mawese.

Saa mbili fundi aling'oa misumari ya kasha lililofika usiku kwa lori kutoka Dar es Salaam. Mashine ilikuwa salama, imepakwa grisi hadi kwenye meno ya gia. Nilipofuta vumbi kwa kidole gumba kwenye kibao cha mota, kile kibati cha maelezo yake, nikasoma: volti 380, hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Nilisoma mara mbili. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na mota ya namna hiyo ikiunganishwa kwenye njia zetu za volti 400 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na baya zaidi, huchemka hadi koili zikaungua.

Saa tatu, ambayo kule India ni saa tano na nusu, nilimpigia msambazaji. Alikiri kwamba mota ya mteja wa Saudi Arabia, ambako umeme ni wa hezi 60, iliingizwa kwenye kasha letu. Nilikumbuka MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kuletwa hapa katika makasha yapatayo 5,000, kisha ikashushwa ziwani mwaka 1915. Nawaonea wivu waliofungasha mzigo ule.

Saa sita alifika mteja wetu wa Mwandiga, akiwa na mpwa wake na gari la kukodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tupakie?"

Nilimwonyesha kibao na kumweleza. Mpwa wake alidai kwamba mota ni mota, mradi inazunguka. Mama alimnyamazisha, akauliza swali ambalo wateja wengi hawaliulizi: "Ikiungua, analipa nani?" Nilimjibu kwamba tungelipa sisi, ndiyo maana haitoki hapa. Tulikubaliana achukue mashine, nasi tumwazime mota ya hezi 50 iliyokuwa kwenye mashine yetu ya maonyesho, yenye nguvu ileile, hadi yake ifike.

Mchana wote uliishia kwenye makaratasi. Mashine ya kukamua mafuta huingia forodhani kwa namba ya aina ya bidhaa 8479.20, lakini mota inayokuja peke yake iko chini ya 8501, kwa hiyo haiwezi kuingia kwa nyaraka za mzigo wa kwanza. Wakala wetu wa forodha aliyeko Dar es Salaam aliitaka ankara mpya, nami nikamsisitizia msambazaji atume picha ya kibao kabla hajagonga msumari hata mmoja.

Saa kumi na moja jioni gari la mama lilikuwa limeshaondoka. Ile mota ya hezi 60 ilibaki pembeni mwa ghala, na kabla ya kufunga mlango fundi aliiandikia kwa chaki, herufi kubwa: USIWASHE.