Boti ya Saa Moja na Duru ya Tanga

Katika mbio za magari za rally, dereva anayefika kituo cha kukagulia muda akiwa amechelewa dakika moja huongezewa sekunde 10, na anayewahi kwa dakika moja huongezewa sekunde 60, ndiyo maana utakuta gari imesimama hatua chache kabla ya kituo, injini inanguruma, na msoma ramani ameikodolea macho saa mpaka dakika yake itimie. Sheria hiyo naijua siku nyingi, lakini sikuwahi kuionea wivu mpaka nilipokaa bandarini Mkoani nikiisubiri boti ya Tanga, ambayo tiketi ilisema ingeondoka saa 1:00 asubuhi.

Sisi wa Pemba tunaoufuata ubingwa wa taifa wa mbio hizo tunaufuata kwa masikio. Duru zake hufanyika bara, kwenye njia za vumbi za Tanga, Morogoro, Iringa na Arusha, na pointi za kila duru hujumlishwa mpaka msimu umalizike, nasi huku tunabaki kubishana barazani juu ya gari ambazo hatujazisikia hata mlio. Tanga ndiyo duru ninayoweza kuimudu, kwani mtu huvuka mkondo tu bila ya kuzungukia Unguja na Dar es Salaam. Nilitoka Wete mchana wa siku iliyotangulia, nikalala kwa jamaa zangu Chake Chake, na kabla ya jua kuchomoza nilikwisha kufika Mkoani.

Saa 1:00 ikapita, ikapita na saa 3:00. Kijana wa tiketi kila alipoulizwa alijibu kwamba boti ikifika imefika, kisha akarudi kwenye simu yake. Hapakuwa na tangazo wala na wa kuomba radhi, na chai ya rangi na maandazi mawili viliuzwa kwa bei ambayo Wete ningekula nikashiba. Kilichoniokoa ni mzee mmoja aliyekaa kwenye kivuli cha ukuta, bakora mapajani, ambaye aliposikia ninakokwenda alicheka mpaka akavua kofia.

“Mwanangu, unavuka bahari kwenda kula vumbi?”

Mzee huyo aliendesha gari za mbao kati ya Mkoani na Chake kwa miaka mingi, na Safari Rally aliijua kwa redio, enzi ambazo kila Pasaka watu waliizunguka redio moja kusikiliza nani amebaki njiani. Alinisimulia, nami nikawa namwita Ami kama tuliojuana zamani, jinsi mashindano yale yalivyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na jinsi mwaka 1963 zilivyotoka gari 84 zikamaliza 7 tu, kwa sababu ya matope. Joginder Singh alimtaja kwa heshima zote, ushindi wake wa 1965, wa 1974 na wa 1976, na kwa Shekhar Mehta alihesabu kwa vidole: mwaka 1973, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kwa ncha ya bakora alinichorea mchangani namna dereva anavyoichukua kona ya utelezi, akisisitiza kwamba breki hukanyagwa kabla ya kona na kamwe si ndani yake.

Tulihitilafiana mahali pamoja. Yeye aliona madereva wa leo wanadekezwa kwa vipande vifupi vya njia iliyofungwa, halafu mafundi wanawasubiri na vipuri. Mimi nikamwambia kwamba kwenye vipande hivyo mtu hushindwa kwa sekunde, na kwamba hata Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, bado mawe na vumbi viliwatoa wakubwa. Hakukubali.

Boti ilifika baada ya adhuhuri. Mkondo ulikuwa mchafu na mifuko ya kutapikia haikutosha, na tulipoteremka Tanga jua lilikuwa limekwisha kuzama na mbio za Jumamosi nzima zimemalizika. Nyumba za wageni zilikuwa zimepandisha bei, na asubuhi yake bodaboda alinitoza shilingi 30,000 mpaka kwenye mashamba ya mkonge, akijua fika kwamba sina njia nyingine.

Gari huisikia kabla ya kuiona. Mlio ulipanda na kushuka nyuma ya mistari ya mkonge, kokoto zikaanza kugonga majani makavu, kisha Subaru ya buluu ikapita ubavuubavu na kutuachia ukungu mwekundu uliotujaa mpaka kwenye meno. Ya nne au ya tano ilikuja imepasuka tairi la nyuma. Kabla haijasimama vizuri msoma ramani alikwisha kufungua mlango. Yeye akaenda kwenye jeki, dereva akalegeza nati, hapana aliyemsemesha mwenziwe, na walipoondoka mimi nilikuwa bado natafuta simu niwapige picha.

Ya kurudi sina la kusimulia, isipokuwa nauli haikupungua hata shilingi. Tangu nirudi, kila nikipita barabara ya Chake kwenda Wete naziangalia kona zake na vilima vyake kwa jicho jingine. Njia ya Konde kwenda Ngezi ingefaa zaidi, lakini ule ni msitu wa hifadhi na haustahili kelele hizo. Nilimweleza jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, kwamba duru moja tu ikiletwa Pemba barabara itafungwa kwa saa chache, na watu watauza chakula na kupangisha vyumba. Alikuwa anageuza karafuu zake kwenye jamvi pembeni mwa lami.

“Na hizi nitazianua niende nazo wapi?” akauliza. Nikamwambia ni siku mbili tu. Akataka kujua kama wenye gari watamlipa kwa kilo.