Siku yangu na watoto wanaojifunza kusema upya, Mwanza

Saa 1:30 asubuhi. Benchi la nje ya chumba changu limeshajaa. Wa Sengerema na Geita siku hizi wanawahi; tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, habari ya kusubiri pantoni imekwisha. Nafanya tiba ya matamshi na lugha, zaidi kwa watoto: walioanguka kwenye miembe, waliogongwa na bodaboda, waliougua malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo. Wengi walikuwa wanaongea vizuri tu.

Saa 2:00. Mvulana wa darasa la kwanza, kagongwa na bodaboda, kaja na bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Namgeukia mjukuu: "Na wewe, umeamkaje?"

"Kaamka vizuri, uji kamaliza," anajibu bibi.

Kaumia upande wa kushoto wa ubongo, kwa mbele. Tangu miaka ya 1860, kwa kazi ya daktari Mfaransa Paul Broca, inajulikana kuwa sehemu hiyo ikiumia usemi hukwama. Kuelewa anaelewa, kulitoa neno ndiyo shughuli. Mezani nimeweka kikombe, kijiko, ndizi na dagaa wakavu. Nanyanyua kijiko. Midomo inajikunja, sauti haitoki.

"Kijiko! Si useme kijiko!" Bibi huyo.

Namwomba kwa mkono atulie. Tunasubiri mpaka mimi mwenyewe nawashwa na ulimi. Namchokoza kwa silabi moja: "Ki..." Anakichukua kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado mlegevu, anakipeleka mdomoni. "Kula."

Bibi anaona kakosea. Mimi naandika kwenye faili kwamba neno lake kalitafuta mwenyewe na kalipata.

Halafu tunataja siku za wiki, na hapo anatiririka. Bibi haishi kushangaa: mbona haya anaweza? Yamekaririwa kwa mfuatano, hayatafutwi moja moja. Ndiyo maana naanzia hapo: "Jumatatu, Jumanne..." nanyamaza, amalizie yeye.

Saa 4:00. Msichana mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, alipata kiharusi. Baba yake bado anauliza, kiharusi si cha wazee? Kanda ya Ziwa selimundu ipo kwa wingi, na kiharusi ni mojawapo ya madhara yake, tena kinaweza kurudi. Kwa hiyo kabla ya picha na maneno nauliza kwanza kliniki ya selimundu na dawa. Kuna mtu kawashauri waache Kisukuma nyumbani, eti kinamchanganya. Siafiki hata kidogo. Akisema "minzi" apewe maji, mengine yatafuata.

Saa 6:00. Mama kaleta puto, kasikia kupuliza kunarudisha usemi. Tumepuliza, tumecheka, tumerudi kwenye maneno. Mtoto hujifunza kusema kwa kusema.

Saa 8:00. Ugali na sato, haraka haraka.

Saa 9:00 alasiri. Simu kwa mwalimu wa darasa la nne. Binti aliyekuwa mgonjwa wangu anaongea vizuri, mtaani wanasema kapona. Lakini hadithi ndefu inampotea katikati, na kusoma kunamlemea. Ubongo wa mtoto hujipanga upya kuliko wa mtu mzima, ila si bure. Mengine hujitokeza masomo yanapokuwa magumu, miaka baadaye, wakati ajali imeshasahaulika. Watu humwita mvivu. Namwomba mwalimu amkalishe mbele, na akimuuliza swali asilihamishe kwa mwenzake upesi.

"Darasa lina watoto wengi, dada," anasema. Najua. Tumekubaliana swali moja kwa siku.

Saa 11:00 jioni. Baba mmoja wa Ukerewe, mvuvi, hutuma sauti ya mazoezi ya mwanawe kwa simu maana nauli ya meli haipatikani kila mara. Naisikiliza kituoni. "Hiki nini?" anauliza. "Samaki!" wanaitikia dada zake wote kwa pamoja. "Na hiki?" "Nyavu!" Mgonjwa wangu hasikiki hata kukohoa.

Nimemjibu: "Asante sana baba. Rekodi nyingine kesho, ila hao dada zake watume kisimani kwanza."