Muhali na Filamu ya Bibi

Zanzibar haijawahi kukosa watu wanaopenda senema. Kilichokosekana ni mahali pa kuizungumza mbele ya yule aliyeitengeneza. Wazee wetu walijaa pale Majestic, Vuga, jengo lililofunguliwa mwaka 1955 mahali paliposimama ukumbi mwingine ulioteketea kwa moto, na mpaka leo wapo watu wazima wasiojua Kihindi lakini nyimbo za filamu za Kihindi wanazo mdomoni. Kumbi zile zilifungwa moja baada ya nyingine. Tangu mwaka 1998 tunalo tamasha la kimataifa, ZIFF, linaloonyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe na kutoa tuzo ya Jahazi la Dhahabu. Silidharau hata kidogo, ila huja mara moja kwa mwaka, na watengenezaji wengi tunaowaona pale ni wageni ambao wiki ikimalizika huwa wameshapanda ndege.

Jukwaa letu ni dogo na halina mfadhili. Tunakutana baada ya sala ya Isha katika ua wa nyumba ya mwenzetu mmoja, Miembeni, shuka jeupe limepigiliwa ukutani, projekta ni ya kuazima, na spika hukoroma kila sauti inapopanda. Sharti ni moja tu: mwenye filamu abaki mpaka mazungumzo yamalizike.

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu sisi ni watu wa muhali, wa kuoneana haya. Utamwambiaje mtoto wa jirani kwamba filamu yake imepwaya, ilhali mama yake ameketi mkekani nyuma yako na kesho kutwa huenda mkakutana msibani? Mwanzoni tulikuwa tukisifu tu, hongera, picha safi, Mungu akuzidishie, kisha tukageukia kahawa na kashata. Nadhani anayesifiwa hivyo hujua kuwa hakuambiwa kitu.

Jana kijana mmoja alituonyesha filamu ya dakika saba aliyoipiga kwa simu, bibi yake akikuna nazi. Kamera ameiweka chini, usawa wa sinia, hivyo uso wa bibi hauonekani; tunaona mikono, kifuu kinavyozungushwa kidogo kidogo juu ya meno ya mbuzi, na nazi nyeupe ikidondoka. Juu ya yote hayo kijana alikuwa ameweka taarabu, tangu mwanzo hadi mwisho. Tukasifu kama kawaida yetu. Kisha dada mmoja, fundi cherehani, akasema kwa upole, "Kaka, bibi namuona lakini simsikii. Mbuzi nayo ina sauti yake."

Kijana hakujibu. Alitafuta simuni ile picha ya awali isiyo na muziki, akaiunganisha na projekta, tukaiangalia upya. Mkwaruzo wa mbuzi ukasikika, na jogoo wa jirani, na pumzi za bibi mwenyewe, kisha katikati ya kazi bibi akauliza, bila mikono kusita, "Bado hujamaliza tu?" Ua mzima ukacheka, mama wa kijana kuliko wote. Sentensi hiyo ilikuwa imefunikwa na fidla.

Tangu usiku namfikiria Jonas Mekas, mzaliwa wa Lithuania aliyehamia New York, ambaye alirekodi maisha yake ya kila siku kwa kamera ya Bolex huku akiandika uhakiki gazetini, na mwaka 1962 akawa miongoni mwa walioanzisha ushirika wa kusambaza filamu za watengenezaji huru. Kwetu mhakiki hudhaniwa kuwa ni mtu aliyeshindwa kutengeneza chake. Fundi cherehani wetu hajapiga filamu wala hakutoa hukumu. Alitaja alichokiona na asichokisikia, na muhali wetu haukupata pa kushika. Filamu za aina hii, ambazo hakuna anayezinunua, zinahitaji mtazamaji wa namna hiyo kuliko zinavyohitaji tuzo.

Asubuhi hii kijana ameniandikia kwamba ataipunguza sauti taarabu lakini hataiondoa, kwa kuwa bibi anaipenda. Sababu hiyo ni nzuri kwa bibi, si kwa filamu. Tukikutana tena nitamwambia hivyo, na mama yake akiwepo.